Dola ya New Orleans

Mimi ndiye niliyemfundisha Verla Stoddart kusoma dola, na mimi ndiye niliyemkana. Nayasema yote mawili mapema ili mtu asije akanihurumia njiani.

Nilikuwa fundi saa mjini Tarbell, Nevada, mji wa shaba wenye reli moja, bomba moja la moshi na kasino tatu. Siku hizo noti ilikuwa kitu cha wageni waliotoka mashariki. Mtu wa Nevada alitaka pesa inayolia ikitupwa mezani. Mshahara ulilipwa kwa dola za fedha, mkate ulinunuliwa kwa hizo hizo, na kamari ilichezwa kwa hizo hizo: mapande manene, uso wa mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili, nyingi zikiwa na umri mkubwa kuliko baba zetu. Zilifuliwa kwa sababu wenye migodi ya fedha walikuwa na marafiki zao Washington. Serikali ikabanwa inunue fedha yao na kuigeuza sarafu ambazo nusu ya nchi haikuzitaka. Basi zikatiwa kwenye magunia, elfu moja kila gunia, zikalazwa kwenye maghala ya Hazina. Mwaka 1918 serikali ikaamua kuziyeyusha, na katika miaka michache zikapotea tanuruni dola milioni mia mbili na sabini, na hakuna aliyeandika zilikuwa za miaka ipi wala za viwanda vipi vya kufulia sarafu. Hapo ndipo sisi wakusanyaji wa sarafu tulipopata ugonjwa wetu. Dola ya mwaka fulani ingeweza kuwa imebaki milioni, au imebaki kumi, na hakuna aliyejua ila kwa kuitafuta asiione.

Verla alikuwa mjane. Mumewe, Dell, aliangukiwa na mwamba katika shimo la shaba mwaka 1949, na mwaka uliofuata mwanamke akaenda kuomba kazi kwenye kasino ya Nyota ya Shaba. Wakampa aproni ya ngozi yenye mifuko mizito, awe anazunguka kati ya mashine akiwavunjia wachezaji noti zao. Kila mashine ilimeza dola na kila mashine ilitapika dola, na zote hatimaye zilipita mikononi mwake.

Siku moja mchana aliingia dukani kwangu, akaweka dola mbele yangu kabla hata ya kusalimu.

"Fundi, hebu nitazamie. Hii hapa chini ya tai ni alama au ni uchafu?"

Nikavaa lenzi yangu. "Ni herufi, mama. C mbili. Carson City. Kiwanda chetu wenyewe hapa Nevada, kilifungwa zamani."

"Na zile zenye S?"

"San Francisco. Zenye O ni New Orleans. Ukiona haina kitu, imetoka Philadelphia."

"Kwa hiyo kila moja ina kwao."

"Kila moja."

"Basi zina bahati kuliko watu wa Tarbell," akasema, akacheka, akairudisha mfukoni.

Kesho yake alirudi na tatu. Wiki haikuisha nilikuwa nimempa lenzi ya akiba, na mwaka haukuisha alikuwa ananipita. Mimi nilihitaji mwanga na utulivu. Yeye aliijua dola ya Carson kwa kuipitishia kidole gumba akiwa anatembea, mchezaji mlevi anamwita huku, mwingine anamvuta aproni kule. Mshahara wake wa wiki aliuweka mfuko wa kushoto, kando na dola za kasino. Akiona anayoitaka, anatia moja yake, anatoa ile. Meneja alimwona, akamcheka waziwazi mbele ya watu: "Chukua tu, Verla. Mimi nahesabu vichwa, siangalii sura."

Zake alizihifadhi kwenye trei za mayai, zile za karatasi ngumu. Nilipoziona mara ya kwanza, zimepangwa kwa miaka na kwa viwanda, juu ya meza yake ya jikoni karibu na chungu cha maharagwe, niliona wivu. Nilimsifu sana, nikautafuna wivu wangu njia nzima mpaka nyumbani.

Chama chetu cha wakusanya sarafu kilikutana kila Jumamosi saa nane mchana, katika chumba kilicho juu ya kituo cha zimamoto. Mimi nilikuwa katibu. Mwenyekiti alikuwa Thurlow Crandall, muuza fenicha na majeneza, mwenye jengo la duka langu, mwenye hisa katika Nyota ya Shaba. Sauti yake ilikuwa laini na sikumbuki amtukane mtu hata siku moja. Hakuwa na haja. Wanawake walikuja chamani kuleta kahawa na pai, kisha wakashuka ngazi.

Nilipomleta Verla, Emmett Sloan, dereva wa treni mstaafu ambaye mdomo wake haukuwahi kustaafu, alitazama sahani aliyoibeba akasema, "Katibu, umetuletea mpishi au mwanachama?"

"Nimeleta pai," Verla akajibu, "na nimeleta dola ya Carson ya mwaka 1889. Tuone utaanza kushika ipi."

Emmett aliishika dola. Pai ilipoa. Tangu siku hiyo Verla alikaa nasi, kwenye kiti cha karibu na mlango, ingawa jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya wanachama. Kila nilipolitaja jambo hilo, Crandall alisema, "Tutalifikiria, Orrin," akaendelea na ajenda.

Machi 1957, saa sita mchana, mlango wa duka ukafunguliwa kwa nguvu hata kengele ikadondoka. Verla alikuwa bado na aproni kiunoni, kitu ambacho wafanyakazi wa kasino hawakuruhusiwa kutoka nacho.

"Nina dakika kumi," akasema. "Tazama. Usiseme kitu mpaka uwe na hakika."

Ilikuwa ya mwaka 1903. Haikuwa imechakaa. Ilikuwa na kovu moja tu, chini ya sikio la yule mwanamke, dogo kama punje ya ngano. Nikaigeuza. Chini ya shada la majani palikuwa na O.

Kitabu cha bei cha mwaka ule kiliitaja dola ya New Orleans ya 1903 miongoni mwa adimu kabisa. Wakubwa wa kazi hii waliamini karibu zote ziliyeyushwa. Watu walikuwa wamekusanya miaka thelathini bila kuiona ila kwenye picha. Niliitazama robo saa, dakika zake kumi zikapita na hakuondoka. Nilizungusha sindano kandokando ya ile herufi, kutafuta mahali ilipobandikwa, maana matapeli wapo. Sikupata. Herufi ilikuwa imeota kutoka kwenye fedha yenyewe.

"Ni yenyewe," nikasema.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaufunika mdomo kwa mikono yote miwili. "Ilitoka mashine ya tatu," akasema. "Yule bibi anayevuta sigara. Alitaka kuivunja apate chenji ya bia."

"Ilete Jumamosi. Crandall lazima aione."

"Kwa nini lazima?"

Nilitaka nionekane mbele ya Crandall kwamba mimi ndiye niliyemtambua mwanamke huyu. Hiyo ndiyo sababu, na nimepata miaka mingi ya kuitafuta nyingine.

Jumamosi akaja nayo kwenye leso. Crandall aliivalia miwani, akaigeuza mara mbili tu, akaiweka kwenye kiganja chake, na kiganja kikafumba.

"Bi Stoddart, kitu kama hiki hakisemwi kwa haraka. Kuna O za kubandika siku hizi. Niachie wiki moja, nimpelekee mtaalamu Salt Lake."

"Naomba kikaratasi basi, Bwana Crandall, kwamba nimekuachia."

Chumba kizima kikacheka. Emmett akapiga goti. "Kikaratasi! Kwa Thurlow! Mama, huyu si ndiye aliyemzika Dell wako kwa jeneza la mwaloni na akakutoza bei rahisi ya msonobari?"

Verla hakucheka. Alinigeukia mimi. "Orrin?"

"Hapa sote ni marafiki, Verla," nikasema. "Mwachie."

Akamwachia.

Jumatatu yake mtu wa Crandall alikuja dukani kwangu na futi, akapima dirisha na kaunta. Nikamuuliza anapima nini. "Wala si kitu," akasema. "Kuna fundi viatu anauliza kama nafasi itapatikana. Bwana kasema tujue tu vipimo." Akaondoka. Nilijua mara moja nilichoambiwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa katika chumba kile.

Jumamosi iliyofuata Crandall alitoa bahasha ndogo, akaisogeza mezani kwa kidole kimoja. Verla akaifungua, akaitoa dola, akaigeuza upande wa tai. Kisha akaigeuza tena, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta chumba cha mwingine.

"Hii siyo yangu."

"Ndiyo uliyonipa, Bi Stoddart. Nasikitika sana. Mtaalamu alipoigusa ile O kwa kijiti chake, ikadondoka. Ilikuwa tone la risasi iliyoyeyushwa tu. Hii ni dola ya kawaida ya Philadelphia."

"Yangu ilikuwa na kovu hapa, chini ya sikio."

"Kovu sikuliona."

"Orrin aliliona!" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Aliitazama kwa lenzi, akaichokoa kwa sindano. Mwulizeni Orrin. Orrin, waambie."

Wote wakanigeukia. Crandall peke yake hakunitazama. Alikuwa anafuta miwani yake kwa kona ya tai ya shingoni, polepole, kioo kimoja na kisha kingine.

"Mwanga wa dukani kwangu si mzuri," nikasema. "Huenda nilikosea."

"Huenda," akarudia Verla.

Hakulia wala hakutukana. Alisimama, akachukua sahani ya pai aliyokuja nayo, pai ya cheri ambayo haijakatwa hata kipande, akaishika kwa mikono miwili akashuka nayo ngazi. Tulimsikia mpaka chini, hatua kwa hatua. Kisha Emmett akasema, "Aa, hata pai kaondoka nayo," watu wakacheka, na mkutano ukaendelea.

Verla hakunyamaza. Alisema kasinoni, akasema kanisani, akasema dukani kwa muuza nyama. Alilitaja jina la Crandall kamili. Siku ya nne meneja alimwita, yule yule aliyekuwa akihesabu vichwa, akamwambia imegundulika kwamba kwa miaka sita amekuwa akichambua mali ya kasino na kubeba iliyo bora. Akamvua aproni mbele ya wachezaji. Kasino nyingine mbili za mji zilikuwa zimeshapewa habari. Mwezi wa Mei alifunga vitu vyake. Nilimwona kupitia dirishani kwangu akivuka barabara na trei za mayai zilizofungwa kwa kamba, akaziweka kwenye kiti cha mbele cha gari kama mtoto, akaondoka kuelekea kaskazini. Nilikuwa na saa ya mteja mkononi. Niliendelea kuitengeneza.

Fundi viatu hakuja. Duka likabaki langu.

Miaka miwili ikapita kabla Crandall hajaionyesha. Alisema ameinunua kwa barua, kutoka kwa warithi wa bibi mmoja wa Louisiana. Ilikuwa kwenye kijumba cha kioo chenye kitambaa cha bluu, na wanachama walipita mbele yake mmoja mmoja kama watu wanaomuaga maiti. Zamu yangu ilipofika niliinama. Punje ya ngano ilikuwa pale pale, chini ya sikio.

"Unaionaje, Orrin?" akauliza Crandall kwa sauti yake laini.

"Ni nzuri sana, Mwenyekiti."

"Najua unavyozipenda."

Akaipeleka kwenye maonyesho Reno, akarudi na utepe. Akaipeleka Salt Lake, akarudi na mwingine. Magazeti ya wakusanyaji yakamwandika. Bei kwenye kitabu ikapanda kila mwaka mpaka ikafika dola elfu moja na mia tano, na watu walimpigia simu kutoka Chicago kumwomba aiuze, naye akawajibu kwamba mambo mengine hayauzwi. Kila Jumamosi nilikaa kushoto kwake na kalamu yangu. Nilizoea. Watu huuliza mtu anawezaje kuzoea jambo kama lile, nami nawaambia ni rahisi kuliko kuzoea miwani mipya.

Halafu ikaja Novemba ya 1962.

Tulikuwa tumeketi, theluji ya kwanza inadondoka nje, na Nephi Burr, muuza bima aliyekuwa akienda na kurudi Salt Lake, akaingia amechelewa bila kuvua kofia. Hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda moja kwa moja mezani, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa karatasi, akakifungua. Dola tano zikabingirika mezani, zinang'aa kana kwamba zimefuliwa asubuhi hiyo.

"Zisomeni," akasema.

Emmett akaichukua moja, akaiweka karibu na pua. "Elfu moja mia tisa na tatu." Akaigeuza. Akanyamaza, na kunyamaza kwa Emmett kulitosha kutufanya sote tusimame.

"O zote tano," akasema Nephi. "Hazina wanahitaji dola za Krismasi, wamefungua ghala moja kule Philadelphia ambalo halijafunguliwa tangu enzi za babu zetu. Magunia, jamani! Magunia kwa magunia! Zilikuwa zimelala humo miaka yote. Hazikuyeyushwa kamwe. Mwenye duka Salt Lake kaniuzia hizi kwa bei ya chakula cha jioni, na anasema wiki ijayo zitashuka tena."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenyekiti, halafu wote tukamtazama. Crandall aliichukua moja ya zile tano, akaigeuza upande huu na huu, akairudisha mahali pake, akaipanga na nyingine mstari mmoja.

"Ni nzuri kuliko yangu," akasema. "Haya, ajenda ya pili."

Siku tatu baadaye alikuja dukani kwangu. Alikuwa hajaingia mwenyewe kwa miaka. Alisimama mbele ya kaunta na glavu zake mkononi, akatia vidole kwenye mfuko wa kizibao, akaitupa dola juu ya kaunta. Ikazunguka, ikalala upande wa tai. Hata kijumba chake cha kioo hakuwa amekuja nacho.

"Mpelekee yule mwanamke wako," akasema. "Nasikia yuko Wells. Anafua mashuka."

Nilikuwa na mambo mia ya kusema. Nilikuwa nimeyapanga miaka mitano, usiku na mchana. Nikasema, "Sawa, Bwana Crandall."

Alipofika mlangoni akageuka. "Unajua, Orrin, siku ile kama ungesema uliiona, ningemrudishia. Nilikuwa nayo mfukoni. Nilidhani utasema." Akavaa glavu zake akatoka.

Sijui kama ilikuwa kweli. Aliisema ili niishi nayo, na naishi nayo.

Jumapili niliendesha gari mpaka mji wa Wells. Hoteli aliyofanya kazi ilikuwa kando ya barabara kuu, ya vyumba kumi na sita, na Verla alikuwa nyuma kwenye chumba cha dobi, mvuke umemzunguka. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Mikono yake, ile iliyokuwa ikisoma dola kwa kidole gumba, ilikuwa imebabuka kwa dawa ya kufulia hadi kwenye viwiko.

"Umefika mbali," akasema, "kwa mtu asiyeona vizuri."

"Verla, naomba dakika kumi."

"Nina mapumziko ya chakula. Nitakula, wewe utasema."

Tukaenda mgahawa wa jirani. Akaagiza supu, mimi kahawa na pai ambayo sikuitaka. Nilipoitoa dola na kuiweka kati yetu hakuigusa. Aliendelea na supu yake, lakini jicho lilikwenda moja kwa moja chini ya sikio, nikaliona linavyokwenda.

"Sasa ni ya bei gani?" akauliza.

"Dola kumi na tano. Wanasema itashuka zaidi. Wamefungua ghala..."

"Nimesikia. Hata sisi wafua mashuka tunasikia redio." Akavunja mkate. "Kwa hiyo ndiyo maana umeileta."

"Siyo hivyo."

"Ingekuwa bado ya elfu na mia tano, ungekuja?"

"Isingekuwa mikononi mwangu, Verla."

"Sikukuuliza ingekuwa mikononi mwa nani. Nimekuuliza ungekuja?"

Nikatazama kahawa.

"Unajua kasino za Elko zilinipokeaje?" akasema, bila hasira, kama anayesimulia habari za jirani. "Msimamizi alitazama mifuko yangu kabla ya kunitazama usoni. Winnemucca hata hawakunifungulia ofisi. 'Wewe ndiye yule wa trei?' Nikaishia hapa. Zile dola zangu zote niliziuza kwa mtu mmoja mwenye gari jekundu, hapo hapo nje. Hakuzigeuza hata upande wa pili, Orrin. Alizipima kwa mzani, kama viazi. Nilimwambia, hiyo ni Carson ya themanini na tisa. Akaniambia, mama, mimi nanunua fedha, sinunui hadithi."

"Nisamehe."

"Mimi nilikuwa mjane mwenye aproni. Nilijua hawataniamini. Sikuja na mategemeo kwa Crandall, wala kwa Emmett na mdomo wake. Nilikuwa na shahidi mmoja." Akaweka kijiko. "Ungesema neno moja siku ile. Lingetosha. Nisingekuomba la pili."

Mhudumu alikuja na bili. Niliingiza mkono mfukoni, lakini Verla alikuwa ameshaichukua ile dola, akamkabidhi. "Kata humo yote, mama, supu na kahawa na pai ya bwana huyu."

Nikainuka nusu. "Verla, ile..."

"Kaa chini. Ni yangu au siyo yangu?"

"Ni yako."

"Basi."

Mhudumu aliitupa kwenye droo pamoja na nyingine, akarudisha chenji. Verla akamwachia yote. Akavaa koti lake, akafunga vifungo mpaka juu. "Nina mashuka," akasema, akatoka. Hakuniaga, wala sikutegemea aniage.

Nitasema na hili, kwa kuwa sitaki kujipamba. Nilibaki pale. Nilikwenda mpaka mbele ya droo ile na dola nyingine tayari kiganjani, nikamwambia mhudumu, samahani mama, nikiwa na tamaa ya kuibadilisha na ile ya Verla. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka kiberiti. Sivuti sigara.

Jumamosi iliyofuata nilisimama. Sikungoja ajenda. Nikasema mbele ya wanachama wote kumi na mmoja kwamba dola ya Mwenyekiti ilikuwa ya Verla Stoddart, kwamba herufi haikudondoka kwa kuwa haikubandikwa, kwamba niliiona kwa jicho langu na nikasema uongo hapa ili nisipoteze duka. Nilikuwa tayari kwa lolote: nifukuzwe chamani, duka lipimwe upya, nipigwe hata kofi.

Hakuna aliyefanya kitu. Nephi alitazama dirishani.

"Kwani si ndiyo zile za dola kumi na tano?" akauliza mwanachama mpya, ambaye hakumjua Verla.

"Kumi sasa," akasema Nephi.

Emmett akanivuta mkono wa koti, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Kaa, Orrin. Kaa, ndugu yangu. Tangu lini mtu akajitia aibu hivi kwa kitu cha dola kumi? Yule mama mwenyewe atakuwa ameshasahau."

"Hajasahau," nikasema. "Nimetoka kwake."

"Basi mpe pole zetu," akasema Crandall kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti laini kabisa, na akanitazama usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Hakukuwa na woga machoni mwake, wala chuki. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama saa ya ukutani aone kama muda umekwenda. "Lipo suala la chakula cha Krismasi. Mwaka jana bata mzinga alikuwa mkavu. Nani atapendekeza?"

Mikono mitatu ikanyooshwa. Kisha nikakaa, nikachukua kalamu, nikaandika kwamba wajumbe walipendekeza nyama ya nguruwe.